Nani Abebe Ndizi Kuzipeleka Nkoaranga

Jamani, msinione nacheka mkadhani nimesahau. Nikicheka hivi mjue nimeona heri nianze mimi kabla hamjaanza ninyi, kwa sababu aibu niliyoipata siku ya sendofu ya mdogo wangu Naeli mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu jikoni naguna kwa sauti, mume wangu ananiuliza kuna nini, namwambia nimeungua na sufuria. Hakuna sufuria. Ni ile siku tu.

Kwanza mnielewe nilikuwa nani. Miaka ile biashara imefunguliwa, vitu vinaingia kutoka Namanga mchana kweupe wala hakuna wa kukimbizana navyo, mimi nilikuwa na saluni Sombetini, chumba cha mbele cha nyumba ambayo upande wa nyuma ilikuwa bado haijaezekwa (na mwenye nyumba alikuwa analala hukohuko nyuma, tusimseme). Mwanzoni nilifanya kama wenzangu wote, kalikiti, dawa ya kunyoosha nywele, rola, draya moja inayounguza masikio, na rafu nzima ya makopo ya kung'arisha uso. Wanawake wa mji huu walijipaka yale makopo mpaka mtu akawa na rangi mbili, uso kama chungwa na vidole vyeusi kwenye viungo. Naeli naye akajipaka. Sikumpa mimi, hilo naomba liingie vichwani mwenu mapema, alinunua kwa wachuuzi wa stendi, uso ukababuka, akawa anatembea amejitanda kanga mpaka machoni, na alipopona akaapa kwamba kitu cha kopo hakitamgusa tena mpaka anaingia kaburini.

Hakuwa peke yake. Wengi waliungua, na ghafla mji mzima ukageuka, sasa kila mtu anataka asili. Akaja mama mmoja kutoka Nairobi, kucha ndefu na sauti ya taratibu, akatukusanya wenye saluni kwenye ukumbi mmoja mjini akatufundisha kwamba uzuri uko shambani, parachichi kwa nywele, asali kwa ngozi, shubiri kwa makovu, ndizi mbivu iliyopondwa usoni na nywele zisuuzwe nayo ili zishike rola na zilainike. Nusu yetu tuliokuwa pale tumezaliwa juu huku, Meru na Machame na Rombo, tumelelewa parachichi zinatuangukia kichwani tukazipeleka kwa nguruwe, lakini tuliandika kila neno na kutikisa vichwa kama tunasikia habari za mwezini. Niliporudi nikang'oa kibao changu nikaweka kipya, SALUNI YA ASILI, herufi za kijani. Na wateja wakaja! Wanawake ambao jana walikuwa wanaficha kwamba wametoka shamba, leo wanalipa wapakwe shamba usoni.

Basi katikati ya hayo Naeli akapata mchumba, Godlisten, kijana mtulivu, sina neno naye. Neno ninalo na mama yake. Mama Godlisten alikuwa na duka la vitambaa mjini, lesi, satini, vitu vya Dubai, mwanamke wa Kilimanjaro aliyeshika mji kwa mikono miwili, na siku ya kwanza Naeli alipopelekwa kumsalimia, akapiga magoti, shikamoo mama, yule mama aliitikia marahaba huku amemshika mkono anakigeuzageuza kiganja, halafu akasema, "Ahaa. Kumbe ni mtoto wa mgombani." (Na yeye alizaliwa wapi, uwanja wa ndege?) Alisema kwa kucheka, watu wakacheka, chai ikamiminwa. Lakini Naeli alikuja saluni jioni ile akakaa kwenye kiti changu cha wateja, hakutaka nywele, alikaa tu.

"Dada," akaniambia, "sitaki makubwa. Siku ya sendofu nataka niingie pale yule mama anitazame juu mpaka chini akose cha kusema. Hicho tu."

"Niachie mimi," nikamwambia.

Niachie mimi! Ningepewa nafasi ya kufuta maneno mawili maishani mwangu, ningeanza na hayo.

Sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi, ilikuwa ifanyike nyumbani Nkoaranga, chini kidogo ya hospitali, maturubai yafungwe uani kwa baba. Siku moja kabla nikapanga vitu vyangu kwenye kikapu, asali, parachichi, shubiri, rola, chupa ya kupulizia maji, nikapita sokoni kumalizia, nikashika chane ya ndizi mbivu nzuri kabisa, zina madoadoa, zimeiva vile zinavyotakiwa. Nikaipima mkononi. Halafu nikairudisha mezani. Nani abebe ndizi kuzipeleka Nkoaranga? Mkitujua sisi Wameru mtanielewa. Ningepandisha ile njia na kikapu cha ndizi za kununua, mimi mtoto wa pale, mabinti wa jirani wangekaa kwenye ua wananicheka mpaka Krismasi, wangesema Elipendo mji umemmaliza, sasa ananunua ndizi. Yule mchuuzi akaniuliza mbona unaacha, nikamjibu kwa maringo kabisa, "Huko ninakokwenda zinaoza chini."

Nikafika nyumbani. Mikungu mibichi imejaa, ya mtori, ya kuchemshia nyama, imelala uani kama kuni. Mbivu hakuna hata moja. Zote, zote kabisa, za kwetu na za majirani wa kulia na kushoto, zilikuwa zimeshamenywa na kuchemshwa zamani kwa ajili ya pombe ya wageni, mapipa yanatokota povu nyuma ya jiko. (Sisi ni Walutheri, pombe hatunywi, tunaonja tu, lakini tunaonja kwa mapipa.) Nikazunguka nyumba tatu naomba ndizi mbivu mbili, wananitazama. Mama yangu akasema, "Ungenunua mjini."

Hapo ndipo akili yangu, ambayo nilikuwa naisifia sana siku zile, ikafanya kazi. Nikamkumbuka bibi yetu mzaa baba. Bibi alikufa mzee ana nywele kichwa kizima, nyeusi, hazikukatika hata unywele, na mimi mwenyewe kwa macho yangu nilimwona utotoni akijimwagia maji ya mgomba kichwani. Ukishakata mkungu unakata na mgomba wenyewe, unachimba shimo katikati ya kisiki, unafunika na jani, kesho yake unakuta maji yamejaa. Nikasema, yule mama wa Nairobi anatufundisha tunda tu, mimi nina mgomba mzima! Hii ndiyo asili yenyewe, hii hata yeye haijui. Nikashuka na kisu mpaka kwenye kisiki kilichokatwa jana yake, nikachimba, nikafunika.

Asubuhi maji yalikuwepo, na mniamini, yalikuwa meupe kama ya chemchemi, hayana harufu, nikayaonja, yanakaza ulimi kidogo basi. Nikafurahi na huko kukaza, nikasema yatakaza na ngozi. Nikajaza chupa ya kupulizia.

Mama akapita na karai la vitunguu. "Pendo, hayo maji ya nini?"

"Ya saluni, mama. Hayo huwezi kuyajua."

"Haya, mtaalamu," akasema, akaenda zake kwenye masufuria.

Nikamfanyia kazi Naeli asubuhi nzima. Nilimpaka asali, nikamwosha, nikapulizia yale maji usoni, shingoni na mabegani (gauni lilikuwa la mabega wazi, satini rangi ya maziwa), nikapulizia nywele, nikazungusha rola, nikapulizia tena. Nywele zikashika! Sijawahi kuona rola zinashika vile. Poda kidogo, wanja kidogo, basi. Na alipokwisha kuvaa gauni nikapulizia kichwa kwa mara ya mwisho, kwa wingi, mpaka matone yakamchuruzika kisogoni, ili yale mawimbi yasilegee kwa jua. Akajitazama kwenye kioo cha kabati la mama. Alikuwa mzuri. Hili siwezi kulisema kwa mzaha hata leo, alikuwa mzuri na uso wake ulikuwa wake mwenyewe, hauna kopo. Akasema neno moja tu, "Dada," akanishika mkono.

Wageni wakapanda ile njia yetu ya mlima, matope ya jana hayajakauka, akina mama wa mjini na viatu vya visigino wameshikana viuno wanateleza, na mimi nimesimama juu nawatazama kwa raha (Mungu alikuwa ananiona). Mbele yao Mama Godlisten, lesi nyeupe kutoka kilemba mpaka kwenye kifundo cha mguu, kitambaa ambacho nadhani alikificha dukani asimuuzie mtu. Kaa chini, sala, pambio, emsii anapasua spika, jenereta linanguruma, jua likapanda likasimama juu ya turubai, na ndani yake joto lile la kupikia. Naeli akaingizwa.

Nilimwona Mama Godlisten akimtazama juu mpaka chini. Alikosa cha kusema. Nawaapia, alikosa! Naeli akaniona nilikosimama akatabasamu kidogo sana, na kwa muda huo mfupi mimi nilikuwa mwanamke bingwa kuliko wote kati ya Usa na Arusha.

Kitu cha kwanza nilichoona ni mstari kwenye ukingo wa gauni, kifuani, wa rangi ya chai ya rangi. Nikajiambia amemwagikiwa na chai. Lakini hakuna aliyekuwa amempa chai. Naeli alikuwa anatoka jasho, na jasho lilikuwa linashuka kutoka kwenye nywele, na kila linapopita mstari unaongezeka, mgongoni mmoja, kwapani mmoja, halafu poda ya shingoni ikaanza kuachana, hapa rangi yake, hapa kahawia. Nikataka kwenda. Emsii akasema, "Na sasa, binti yetu amkumbatie mama yake mpya!"

Wakakumbatiana, vigelegele. Ingeishia hapo ningesema nimepona. Mpiga picha akapiga kelele, "Samahani, sikupata! Rudieni! Bibi harusi, lala begani kwa mama, hivyo hivyo, kaa hapo!" Na Naeli, mtoto mtiifu, akalala. Nywele zote, uso wote, kwenye ile lesi nyeupe. Akalala mpaka yule bwana alipomaliza kutengeneza kamera yake.

Walipoachana, begani kwa Mama Godlisten kulikuwa na mdogo wangu. Shavu, nyusi, mawimbi ya nywele, yote yamechorwa.

Mngekuwa ninyi mngekaa kimya, si ndiyo? Mngesubiri chakula. Mimi nilitoka mbio nyuma ya maturubai nikachukua taulo, maji ya moto ya kwenye chupa ya chai na kipande cha sabuni ya mche, nikapita katikati ya wageni wote, nikamvamia mama wa watu, nikaanza kumsugua bega na kifua mbele ya kamati, mchungaji na koo mbili. "Samahani mama, itatoka mama, inatoka sasa hivi." Haikutoka. Kwa ile sabuni ikazidi kuiva, kahawia ikawa inakwenda kwenye weusi, na nilivyosugua nikaieneza mpaka tumboni.

Mama Godlisten akanishika mkono nikaacha. Akavuta ile lesi kwa vidole viwili, akaipeleka puani, akanusa. Na emsii, mpumbavu yule, alidhani anataka kutoa salamu, akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Maee! Huu si utomvu wa mgomba?"

Spika zikachukua. Bonde zima likasikia, nadhani na wagonjwa hospitalini walisikia. Hakuna mtu pale, wa kwetu wala wa kwao, asiyejua utomvu wa mgomba. Kila mmoja alishachapwa utotoni kwa shati la shule lililoingia utomvu, kila mmoja anajua ukishaingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo iwe tambara, na mimi nilijua! Nilijua tangu nina miaka mitatu! Utomvu ninaoujua unatoka kwenye jani na kwenye mkungu, ni mzito, unanata, haikuniingia akilini kwamba maji yale masafi ya kisikini ni ndugu yake yuleyule, amevaa vizuri tu.

Mama yangu akaja akasimama nyuma yangu, akaninong'oneza, wala hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Bibi yako alikuwa akijimwagia, Pendo, amevaa kaniki. Kaniki nyeusi, ileile moja, haigusi siku nyingine. Hukuona?"

Sikuona. Niliona nywele.

Watu wakaanza kucheka, upande wa kwao kwanza, halafu na wa kwetu, maana kicheko hakijui ukoo. Na Mama Godlisten, akiwa na kipaza sauti bado, akafanya jambo ambalo wengi wanalisifia mpaka leo. Akatoa kitenge chake kwenye mkoba, akamfunika Naeli mabega mpaka kidevuni, akamkumbatia, akasema kwa sauti ya upole, "Jamani msimcheke mwanangu. Ni mtoto wa mgombani, tutamzoesha mjini polepole." Makofi! Makofi na vigelegele! Watu wakasema mama ana roho nzuri huyo. Mimi nilimtazama Naeli uso. Alikuwa amekaa wima ndani ya kile kitenge, hakulia, na alikaa hivyo mpaka ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa na keki ikaliwa na wageni wakashuka tena ile njia yao.

Yaliyofuata yalikuwa ya utaratibu. Baba akasema lazima twende tukaombe radhi, na wote mnajua kwa watu wa milimani radhi haiombwi mikono mitupu, inaombwa na jani la isale, na ukishapelekewa isale kwa heshima hukatai. Nikaenda mimi na baba mdogo, jani limefungwa fundo, nikapiga magoti sebuleni kwa Mama Godlisten. Akalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha," akasema, akatupa chai. Na kwake kweli yaliisha, maana alipata hadithi ya kusimulia wateja dukani kila anapokunja lesi nyeupe, hata mimi nilisimuliwa na mteja wangu asiyejua kwamba ndiye mimi, nikamsuka mpaka mwisho huku naitikia, "Kweli? Ee? Maskini."

Nikachukua isale lingine nikampelekea Naeli. Nilimkuta anapiga pasi. Hakulipokea. Hakunifokea pia, aliweka pasi pembeni akaniambia, "Dada, usiniletee jani. Naomba usiniletee tena kitu chochote kutoka shamba." Halafu akaendelea na pasi.

Siku ya harusi walimpeleka kwenye saluni kubwa mjini aliyoichagua mama mkwe, na uso wake ukapakwa kopo. Ndiyo, kopo, yeye aliyeapa. Nilipouliza saa ngapi nije kusaidia aliniambia, "Wewe njoo ukae tu, dada." Nikaenda nikakaa. Kibao cha kijani nilikwishakishusha, nikarudi kwenye dawa na draya, na mpaka leo hakuna mtu anayetoka kwangu na kitu ambacho sijakipaka kwanza mwenyewe, nikavaa blauzi nyeupe nikashinda nayo juani.

Sasa sikilizeni hii, halafu mniache. Juzijuzi nilikwenda kumtembelea Naeli, nyumba nzuri, watoto wakubwa, tunaongea vizuri tu, ya juujuu. Nikaingia bafuni kunawa mikono. Kwenye rafu kuna chupa ndogo ya kupulizia, ya nchi za nje, ina picha ya mgomba mbichi, na maandishi kwamba ni maji ya mgomba, asili kabisa, kwa nywele. Imetumika nusu. Nilikaa nimeishika muda mrefu mpaka mtoto wake akagonga mlango. Nikairudisha pale pale nilipoikuta.

Siku hizi nikienda Nkoaranga nanunua ndizi mbivu sokoni, chane nzima, naipandisha ile njia kichwani mchana kweupe. Watu wananicheka kama nilivyojua watanicheka, Pendo mji umemmaliza, nami nacheka nao. Naeli akinikuta nazo hacheki.